Haidrojeni ya Maembe Yaliyooza: Piga Hesabu Kabla ya Kununua Tangi

Msimu wa maembe ukielekea kwisha, swali huwa ni lile lile, liwe limetoka Ngao, Tarasaa, Hola au Garsen mjini, huku Tana River: “Tumesikia taka za shambani zikichachushwa zinatoa haidrojeni, na haidrojeni ndiyo mafuta ya kesho. Taka tunazo. Tuanzie wapi?” Wengine wameshaonyeshwa picha ya tangi linalong'aa na kuombwa mchango wa kikundi. Ndiyo maana nimeona nijibu kwa kirefu, tena kwa tarakimu.

Jibu fupi ni hili: haidrojeni inatoka kweli, lakini kwa hali ya Garsen leo hailipi. Taka hizo hizo zikitiwa kwenye mtambo wa biogesi zinatoa nishati karibu mara nne, kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida aliyefunzwa anaweza kuvijenga na kuvitengeneza. Asiyekubali ana haki yake. Asome hesabu iliyo hapa chini, kisha aweke bei za kwao mahali pa zangu.

## Povu la ndoo si haidrojeni

Tuanze na kosa linalozaa matumaini mengi. Ukikata maembe yaliyoiva kupita kiasi, ukayatia kwenye ndoo ya maji na kuyafunika, kesho yake utakuta povu limejaa na mfuniko umefura. Gesi hiyo si haidrojeni. Ni kaboni dayoksaidi, inayotolewa na hamira ya asili iliyo kwenye ganda la embe wakati inapogeuza sukari kuwa pombe. Nimeona kijiti cha kiberiti kikizimika juu ya ndoo ya namna hiyo, na wenyewe wakasema gesi bado ni changa. Gesi ile haitakomaa hata ikae mwezi.

Haidrojeni hutolewa na bakteria wengine, hasa wa jamii ya Clostridium, nao hawafanyi kazi mpaka wapate mambo manne kwa pamoja:

- tangi lisiloingiza hewa hata kidogo;
- joto la karibu nyuzi 35 hadi 37, lisilopanda na kushuka ovyo (hapo Garsen tuna nafuu);
- uchachu wa pH kati ya 5 na 6, ambao lazima uangaliwe na kurekebishwa kila mara;
- bakteria wa methani wasiwepo, kwa kuwa hao huila haidrojeni mara tu inapotokea.

Sharti la nne ndilo linalowashinda watu. Mbegu ya bakteria huchemshwa kwanza ili wale wa methani wafe; wale wa haidrojeni hujigeuza chembe ngumu na kuokoka. Lakini kinyesi cha ng'ombe, ambacho kila mtu anataka kukichanganya humo, kimejaa bakteria wa methani. Ukiingiza kinyesi kibichi siku moja tu, umewarudisha adui zako tangini. Kwenye biogesi hao hao ndio vibarua wako, na hawadai mshahara.

## Hesabu ya tani moja ya maembe

Chukua tani moja ya maembe yaliyokataliwa na dalali: yaliyopondeka, yenye madoa, yaliyoanza kuoza upande mmoja. Ukiondoa kokwa na maganda unabaki na nyama ya kama kilo 650. Nyama ya embe bivu ina sukari ya karibu asilimia 14, kwa hiyo sukari uliyo nayo ni kama kilo 90. Hiyo ndiyo mali yenyewe. Kingine kilichobaki karibu chote ni maji, na maji hayana nishati.

Sasa tuifuate sukari hiyo:

- Kikomo cha maumbile. Kwa njia hii kilo moja ya sukari haiwezi kutoa zaidi ya gramu 44 za haidrojeni, hata bakteria wakifanya kazi bila kosa.
- Hali halisi. Tangi linaloendeshwa vizuri hupata karibu nusu ya hapo, gramu 22 hivi. Kilo 90 za sukari zinakupa kilo 2 za haidrojeni.
- Nishati yake. Kilo moja ya haidrojeni ina megajuli 120, kwa hiyo kilo 2 ni megajuli 240. Gesi ya kupikia ya mtungi ina kama megajuli 46 kwa kilo. Tani nzima ya maembe imekupa sawa na kilo 5 na ushei za gesi ya dukani. Haijazi hata mtungi mdogo wa kilo 6.
- Biogesi. Sukari ile ile, ikigeuzwa methani kwa ufanisi wa asilimia 80, inatoa karibu megajuli 950. Hiyo ni sawa na kilo 20 za gesi ya mtungi, mitungi midogo mitatu na zaidi.

Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa fundi. Bakteria wa haidrojeni huacha kazi katikati: wanaitoa sehemu ndogo ya nishati kama gesi, na zaidi ya nusu inabaki ndani ya maji ikiwa asidi, ile ya siki na nyinginezo. Watafiti wanalijua hilo vizuri. Mradi wa Ulaya ulioitwa Hyvolution, ulioongozwa na Wageningen huko Uholanzi kati ya 2006 na 2010, ulijaribu kuongeza tangi la pili lenye bakteria wanaotumia mwanga ili wamalizie asidi hizo. Sayansi yake ilisonga mbele. Biashara inayosimama kwa miguu yake haikutokea.

Tuweke sasa shilingi. Tuseme kuokota, kupakia na kusafirisha kunakugharimu shilingi 2 kwa kilo. Tani moja ni shilingi 2,000, na kila kilo ya haidrojeni imekula shilingi 1,000 za malighafi peke yake. Nenda dukani uulize kilo 2.6 za gesi ya mtungi ni pesa ngapi, maana nishati yake ni ile ile. Ukikuta gesi ya duka ni rahisi kabla hujalipia tangi, umeme wala mlinzi, hesabu imeshakujibu. Na ukitaka kuuza viwandani, ujue kwamba haidrojeni inayotengenezwa kwa gesi asilia hugharimu takriban dola 1 hadi 3 kwa kilo. Huyo ndiye utakayeshindana naye.

## Gharama zisizoonekana kwenye picha

Tangi ndilo kitu cha bei nafuu katika biashara hii. Mwenye kukuuzia mpango akimaliza kusifu tangi, muulize haya:

- Kusafisha. Gesi inayotoka ni mchanganyiko; karibu nusu yake ni kaboni dayoksaidi. Bila kuitenganisha huna haidrojeni ya kuuza.
- Kuhifadhi. Kwa presha ya kawaida, kilo moja ya haidrojeni inajaza zaidi ya matangi 11 ya maji ya lita 1,000. Ili itoshe kwenye mtungi lazima ishindiliwe kwa presha mara mamia ya ile ya hewa, kwa kompresa maalumu ambayo ikiharibika, fundi wake hayuko Minjila wala Malindi.
- Mitungi. Haidrojeni hupenya ndani ya vyuma vingi na kuvifanya vipasuke kirahisi. Usidanganywe kwamba mtungi wa gesi ya kupikia utafaa.
- Safari. Trela la mitungi ya chuma la presha ya kawaida ya biashara hubeba haidrojeni ya kilo mia chache tu, ilhali lenyewe lina uzito wa lori lililosheheni. Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na mvua kubwa ikinyesha barabara hukatika.
- Maji yanayobaki. Yana asidi na yanaoza. Yakimwagwa mtoni yanamaliza oksijeni na kuua samaki wa watu.
- Miezi mitupu. Maembe ya pwani huja kwa wingi kati ya Novemba na Machi. Mkopo wa mashine unalipwa miezi yote 12.

## “Lakini serikali yenyewe inasema…”

“Kenya ina mkakati wa haidrojeni ya kijani.” Ni kweli, ulizinduliwa Nairobi mnamo Septemba 2023. Lakini usome vizuri. Haidrojeni inayozungumzwa humo ni ya kupasua maji kwa umeme safi, wa mvuke wa ardhini, upepo na jua, na shabaha kubwa ni kutengeneza mbolea humu nchini. Maembe, kinyesi na mpunga wa delta ya Tana havimo katika hesabu hiyo. Mtu akikuletea mkakati huo kama ushahidi wa kuuza tangi la kuchachusha, amechanganya vitu viwili, ama kwa kutojua ama kwa makusudi.

“Tutauza kaboni.” Mapato ya kaboni hayaji kwa kuwa na nia njema. Yanahitaji kiasi kikubwa, vipimo vya kila siku na mkaguzi wa kulipwa. Tena Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka mkataba wa maendeleo ya jamii: kwa miradi inayotegemea ardhi, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato, na kwa mingine asilimia 25. Uliza sehemu ya jamii imeandikwa ukurasa gani.

“Bei ya haidrojeni itapanda.” Huenda ikapanda, huenda ikashuka. Tana tumeshaona mafuta ya kesho. Zaidi ya miaka 10 iliyopita ilikuwa jatrofa kwenye ranchi za delta, na kabla yake miwa ya sukari na ethanoli. Ardhi ilijadiliwa, watu waligombana, kesi zikaenda mahakamani, na mafuta hayakufika kwenye jiko la mtu yeyote wa Garsen.

“Basi haidrojeni haifai popote?” Inaweza kufaa mahali ambapo taka tamu na mbichi zinatoka kwa wingi kwenye mlango mmoja wa kiwanda, mwaka mzima, mnunuzi yuko ng'ambo ya ukuta, na maji yanayobaki yanaingia kwenye tangi la pili la methani. Ukipata chuo kikuu kinachotaka kufanya jaribio la namna hiyo kwa fedha zake, kipe maembe na ushirikiano. Usikipe akiba ya kikundi.

## Taka si bure, tena kwetu si taka

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, kwa sababu ndipo mipango mingi ya Tana inapokufa. Karibu kila andiko la mradi huanza na maneno kwamba mabaki ya shambani “hayatumiki”. Aliyeandika hivyo hajasimama kwenye shamba la mpunga baada ya mavuno.

Majani ya mpunga yakishakauka, ng'ombe wanaingia. Wakati wa kiangazi, mifugo ya Waorma na Wawardei inashuka kutoka bara kuja mtoni, na mabaki ya mashamba ya Wapokomo yanakuwa sehemu ya chakula chake, kwa makubaliano au kwa ugomvi. Ukiyafunga majani hayo robota na kuyapeleka tangini, umeondoa malisho katika mwezi ambao hakuna malisho mengine. Atakayelipa bei hiyo si wewe mwenye tangi, ni jirani yako. Sote tunakumbuka mapigano ya 2012 na mapema 2013. Sitaki kuyaeleza hapa, ila mpango wowote unaogusa malisho na malka, yaani njia za mifugo za kwendea mtoni, bila kuwakalisha pande zote chini ya mti mmoja ni mpango wa hatari, hata ukiwa na hesabu nzuri.

Kuna gharama nyingine tatu za “taka ya bure”:

- Umbali. Embe lililooza chini ya mti wa nyuma ya nyumba ni la bure mpaka uliinue. Miti ya maembe ya Tana imetawanyika, haikupandwa katika shamba moja. Linganisha na wenzetu: Kilifi Plantations na shamba la Katani huko Hale, Tanga, walitengeneza biogesi na umeme kwa taka za mkonge, na Naivasha mtambo wa Gorge Farm ulijengwa utumie mabaki ya mboga na mahindi. Wote hao taka zao zilikuwa kiwandani au shambani mwao tayari. Hawakukodi lori kuzitafuta nyumba kwa nyumba.
- Muda. Embe lililopasuka likikaa siku tatu juani, hamira na bakteria wa kuchachusha maziwa wameshaila sehemu kubwa ya sukari. Unachosafirisha siku ya nne ni maji machungu.
- Mafuriko. Mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, katika delta, uliojengwa kwa tuta na mifereji ya gharama kubwa, ulivunjwa na maji ya El Niño ya 1997 na 1998, na ikachukua miaka mingi kuurudisha. Mto umepanda tena mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024. Malighafi inayotegemea bonde la mto lazima iwe na mwaka wa kukosa ndani ya hesabu yake.

Kwa hiyo kabla ya lolote, chukua mizani ya kuning'iniza na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwezi mmoja wa msimu na mwezi mmoja usio wa msimu, andika kila siku: kilo ngapi zimepatikana, zimetoka umbali gani, nani alizibeba na kwa malipo gani, na nani angezitumia kama usingezichukua. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa.

## Kila taka na mahali pake

- Kinyesi cha ng'ombe: biogesi, bila kusita. Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa lita 35 hadi 40 za gesi.
- Maembe yaliyokataliwa: yanayolika, yakaushe au ulishe mifugo kwanza, hapo pana bei nzuri kuliko nishati. Yasiyolika, tia kwenye biogesi pamoja na kinyesi, kwa kipimo nitakachotaja. Kokwa usitie, haziozi upesi na zinaziba.
- Maganda ya mpunga: yasiingie tangini kabisa. Yamejaa silika, bakteria hawayawezi, yanaelea na kufanya tabaka gumu juu. Yachome kwenye jiko lake au yatengenezwe makaa ya kubana.
- Majani ya mpunga: mwachie ng'ombe. Kinyesi chake kitakurudia.
- Maganda ya mathenge: ni matamu na watu hudhani yangefaa haidrojeni. Yanafaa zaidi yakisagwa kuwa chakula cha mifugo, maana kusaga kunaua mbegu na kupunguza kuenea kwa mti huo uliotuvamia tangu ulipoletwa miaka ya 1970 na 1980.
- Taka za kichinjio: damu na mavi ya tumboni yana gesi nyingi. Changanya kidogo kidogo na kinyesi, usijaze kwa mkupuo.

## Hatua za kuanza na biogesi

1. Pima kinyesi cha usiku. Familia ya kupika milo ya kawaida inahitaji gesi ya mita moja hadi moja na nusu za ujazo kwa siku, sawa na kilo 30 hadi 40 za kinyesi. Ng'ombe wetu hawafungwi, wanatembea kutwa. Unachokusanya ni cha bomani, tuseme kilo 4 hadi 5 kwa ng'ombe mmoja. Unahitaji basi ng'ombe wanane hivi wanaolala hapo kila siku. Mvua ikinyesha na mifugo ikaenda bara, hesabu wanaobaki, wale wa maziwa, wala usihesabu kundi zima.
2. Pima maji. Kinyesi kilo moja, maji lita moja. Hayo ni madumu mawili ya lita 20 kila siku. Kama mama au binti ndiye atakayeyabeba kutoka mtoni, iandike kazi hiyo kwenye gharama. Ozi na Kipini, ambako maji ya bahari yanapanda, usitumie maji ya chumvi. Chumvi nyingi inadhoofisha bakteria.
3. Chagua mahali. Juu ya alama ya mafuriko makubwa ambayo wazee wanaikumbuka, karibu na boma, si mbali na jiko. Fundi wa kutoka nje hatajua alama hiyo. Mwonyeshe.
4. Chagua aina ya mtambo. Mtambo wa kuba la matofali hudumu miaka mingi lakini hauhami. Mfuko wa plastiki nzito ni rahisi na unaweza kuhamishwa maji yakija, ila mbuzi, jua na wembe wa mtoto ni maadui wake. Uzungushie ua na kivuli. Kwa kijiji kilichowahi kuhama kwa sababu ya mafuriko, mimi ningechagua mfuko.
5. Anza na kinyesi kitupu. Mwezi wa kwanza usitie tunda. Gesi ya siku za mwanzo haiwaki vizuri. Iachie itoke nje, mbali na moto.
6. Ongeza maembe taratibu. Yakatekate. Wiki ya kwanza sehemu moja kwa kumi ya uzito wa kinyesi, kisha panda polepole, na usipite robo. Nunua karatasi za kupimia asidi. pH ikishuka chini ya 6.5, simamisha maembe siku hiyo hiyo.
7. Tumia tope linalotoka. Ni mbolea nzuri ya migomba, mboga na miche ya maembe. Kwa wengi hapa ndipo faida kubwa inapopatikana, hata kuliko kwenye gesi.

Ukiwa na gesi ya ziada, fikiria pampu ya kumwagilia kabla ya kufikiria umeme. Mita moja ya ujazo ya biogesi ina nishati ya kama lita 0.6 za dizeli, na injini ya dizeli inaweza kurekebishwa itumie vyote viwili kwa pamoja. Kwa mkulima wa ukingoni mwa mto, bei ya dizeli ndiyo inayoamua kama mboga zitafika sokoni.

Usilinganishe biogesi na gesi ya mtungi kama nyumbani kwako hupiki kwa mtungi. Linganisha na unachokinunua kweli: magunia ya makaa kwa mwezi, mizigo ya kuni, na saa za kuzitafuta. Shule ya bweni inayonunua kuni kwa lori ina sababu kubwa zaidi ya kujenga mtambo kuliko nyumba moja, na vyoo na jiko lake viko pamoja.

## Makosa yanayoua mtambo

- Kumwaga maembe gunia zima siku dalali alipokimbia. Tangi linachacha, gesi inakuwa ya kaboni dayoksaidi tu na moto unakataa. Dawa yake ni kusimamisha matunda, kuongeza kinyesi kibichi, na chokaa kidogo iliyokorogwa kwa maji. Linaweza kuchukua wiki kadhaa kupona.
- Kumpa kila mtu kazi, yaani kutompa mtu yeyote. Mtambo wa kikundi bila jina la mtu wa zamu ya asubuhi hufa ndani ya msimu mmoja.
- Kujenga mkubwa kuliko kinyesi kilichopo, kwa sababu mfadhili alilipia mkubwa.
- Kutumia dawa ya kuogeshea mifugo karibu na shimo la kutilia kinyesi. Dawa hiyo huua bakteria pia.

## Hatari ambazo hazina mzaha

Methani huwaka ikiwa asilimia 5 hadi 15 hewani. Haidrojeni huwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75, haina harufu, na mwali wake hauonekani mchana. Mtu anaweza kuingiza mkono ndani ya moto asiouona. Kwa sababu hiyo usifanye jaribio la haidrojeni kwenye dumu au chupa nyumbani, na usiwashe kiberiti kujua kama imetoka.

Kwenye biogesi, jaribu viungo vya bomba kwa povu la sabuni, si kwa moto. Chumba cha jiko kiwe na dirisha la juu. Na mtu yeyote asiingie ndani ya tangi lililofunguliwa, hata likiwa tupu, hata kumwokoa mwenzake aliyeanguka: gesi ya salfa iliyomo humo huondoa fahamu kwa pumzi chache. Mwokoe kwa kamba ukiwa nje.

## Akija mtu na mkataba

Huenda baada ya haya yote bado mwekezaji akaja Garsen na mpango wa haidrojeni. Mpokeeni kwa heshima, na mumdai vitu hivi kwa maandishi kabla ya kikao cha pili:

- kilo za haidrojeni kwa tani ya malighafi, zilizopimwa kwenye mtambo unaofanya kazi, na mahali mtambo huo ulipo ili mtume watu wawili wakauone;
- jina la mnunuzi, bei, na nani analipia safari;
- bei atakayolipa kwa kilo ya embe au kinyesi, na kama italipwa pia siku mashine imesimama;
- kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, kilichotokana na tathmini ya mazingira, na leseni za nishati zinazohitajika kutoka mamlaka ya nishati, EPRA;
- maji machafu yatakwenda wapi;
- sehemu ya jamii, na nani ataikagua.

Kama anataka ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema makubaliano ya uwekezaji lazima yaidhinishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano wao. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi, na posho ya kikao si idhini. Mkutano uitishwe wakati wafugaji wako karibu, si wakati wamekwenda bara na mifugo, na mkataba usomwe kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma, kifungu kwa kifungu, kabla mtu yeyote hajashika kalamu. Kifungu cha kudai kwa nguvu zote ni kile cha kuondoka: nani atang'oa tangi na kufukia mashimo mradi ukisimama, na pesa za kazi hiyo zimewekwa benki gani tangu siku ya kwanza.